Bili ya wakili kwenye kadi ya mkopo: hesabu za nyumba moja ya Syokimau

Swali lililoletwa mezani lilikuwa fupi. Mtu anayenunua nyumba yake ya kwanza anaweza kuwalipa mawakili kwa kadi ya mkopo, kisha akamaliza deni polepole akishahamia? Anaweza, hakuna sheria ya Kenya inayomkataza. Lakini kwa mnunuzi wa kisa hiki, kufanya hivyo kungeweza kumkosesha mkopo wenyewe wa nyumba, na tena kwa sababu ambayo hakuitarajia.

Mnunuzi ni wa mfano, na mshahara wake, bei ya nyumba na masharti ya kadi ni vya mfano vilevile, ingawa vimekatwa kwa kipimo cha maisha ya Nairobi ya 2025. Viwango vya ushuru na ada ya wakili wa mnunuzi ni vile vilivyowekwa na sheria.

Basi tuseme ni mhasibu wa shule ya binafsi. Mshahara ghafi ni shilingi 120,000. Baada ya PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) na makato ya nyumba za bei nafuu, mkononi zinabaki karibu 85,000. Ana mume mwenye duka la vipuri vya pikipiki, watoto wawili, na nyumba ya kupanga ya 28,000 kwa mwezi. Amepata nyumba ya vyumba viwili katika jengo la ghorofa huko Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, kwa shilingi 4,800,000, kutoka kwa muuzaji ambaye ameishi humo miaka kadhaa. Benki imekubali kwa mdomo kumkopesha asilimia 90, yaani 4,320,000, kwa miaka 20 na riba ya asilimia 9.5. Riba ya chini kiasi hicho inatokana na fedha za KMRC, kampuni inayozikopesha benki na Sacco (vyama vya akiba na mikopo) ili nazo zitoe mikopo ya nyumba ya muda mrefu. Marejesho yake yatakuwa kama 40,270 kwa mwezi.

Akiba yake ni 700,000. Arubuni, ile asilimia 10 ya bei anayoitanguliza mnunuzi, ni 480,000. Kwa hesabu ya haraka ya kichwani alikuwa salama, akibaki na 220,000 za mambo madogomadogo.

Hayo mambo madogomadogo ndiyo yaliyomleta. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani ya nyumba, hapa 192,000. (Mashambani ni asilimia 2, na mnunuzi wa mara ya kwanza katika mpango wa nyumba za bei nafuu amesamehewa. Nyumba ya Syokimau inayouzwa na mtu binafsi haimo katika msamaha huo, na wengi hugundua hivyo wakiwa wameshatoa arubuni.) Wakili wake mwenyewe anastahili asilimia 2 ya bei kwa nyumba isiyozidi milioni 5, yaani 96,000, na VAT ya asilimia 16 inaifikisha bili kwenye 111,360. Kisha kuna wakili wa benki, anayeandaa na kusajili rehani. Huyu ameajiriwa na benki ila analipwa na mkopaji, na bili yake ilikuja 75,000 pamoja na VAT. Stempu ya rehani, asilimia 0.1 ya mkopo, ni 4,320. Mthamini wa benki 20,000. Ada ya benki ya kufungua mkopo, asilimia moja, 43,200. Upekuzi wa hati, idhini na usajili 15,000. Bima ya maisha ya mkopaji na bima ya moto kwa mwaka wa kwanza 22,000.

Jumlisha: 482,880. Gharama za pembeni zimeipita arubuni yenyewe. Ukiondoa zile 220,000 zilizobaki, pengo ni 262,880, na hakuna hata shilingi ya lori la kuhamisha vyombo.

Hapo ndipo mume aliposema, "Mama watoto, si una kadi ya laki tatu?" Kadi alikuwa nayo kweli, kikomo chake 300,000, na haikuwa na deni. Wazo lao lilikuwa kutia bili zote mbili za mawakili, jumla 186,360, kwenye kadi, kisha zile 76,520 zinazobaki wazitafute kwenye chama cha kuchangiana kwa zamu na kwenye duka.

Kwanza, wakili anapokea kadi?

Ofisi nyingi za mawakili Nairobi hazina mashine ya kadi. Hulipwa kwa benki moja kwa moja, kwa hundi au kwa M-Pesa, ambayo tangu 2023 inaruhusu hadi 250,000 kwa muamala mmoja. Zile chache zenye mashine hukatwa asilimia kadhaa na benki ya mashine kwa kila malipo, na makato hayo mara nyingi humrudia mteja. Kwa asilimia 3, bili ya 111,360 inaongezeka 3,340 hivi.

Kuna jambo lingine la kiofisi ambalo mteja halioni. Wakili hutakiwa kuweka pesa za wateja katika akaunti ya wateja, mbali na pesa za ofisi. Malipo ya kadi yakiingia yakiwa yamekatwa asilimia 3, akaunti ya wateja inapungukiwa na mtu fulani lazima aifidie. Ndiyo maana hata wakili mwenye mashine huenda akaipokea kadi kwa ada yake tu, akakataa katakata kuipokea kwa ushuru wa stempu au arubuni, ambazo si pesa zake. Mnunuzi wetu aliuliza. Wakili wake ana mashine na anapokea kadi kwa ada. Wakili wa benki hapokei.

Wakili asipopokea, mtu hukimbilia njia ya mkato: kutoa pesa taslimu kwa kadi kwenye ATM, au kuzihamishia kwenye simu kisha kulipa. Kadi ya mhasibu huyu ilitoza asilimia 6 kwa kutoa taslimu, na riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi inayoanza siku hiyohiyo, bila siku za bure. Kwa 186,360, ada ni 11,182 na riba ya mwezi wa kwanza ni 6,523. Jumla 17,705 kabla mwezi haujaisha, ambayo ni asilimia 9.5 ya pesa alizochukua. Hiyo ndiyo riba ambayo mkopo wake wa nyumba unatoza kwa mwaka mzima. Njia hiyo tuliifuta bila mjadala.

Siku hamsini na siku tisini

Ikibaki njia ya mashine, kadi ina hirizi moja tu: siku zisizo na riba. Kadi yake ilitangaza "hadi siku 50". Neno la kuangalia ni *hadi*. Mzunguko wa taarifa ya kadi ni siku 30, kisha kuna siku 20 za kulipa. Ukinunua kitu siku inayofuata tarehe ya taarifa, unapata zote 50. Ukinunua siku moja kabla ya taarifa, unapata 20 na ushei. Na ili usitozwe riba ni lazima ulipe salio lote ifikapo tarehe ya mwisho. Ukilipa nusu, benki nyingi huirudisha riba hadi siku ya manunuzi kana kwamba siku za bure hazikuwapo.

Sasa weka hizo siku 50 kando ya safari ya kununua nyumba. Mikataba mingi ya mauzo hutoa siku 90 za kukamilisha. Ndani yake mna barua ya ofa ya benki, uthamini, utiaji saini wa hati, malipo ya stempu (ambayo sheria hutaka yafanyike ndani ya siku 30 tangu hati itiwe saini), usajili wa uhamisho na wa rehani, na mwisho kabisa ndipo benki inatoa pesa. Mawakili wote wawili hutaka angalau sehemu ya ada mwanzoni. Aliyelipia kadi siku ya kwanza atafika tarehe ya mwisho ya kadi wakati hati yake haijafika hata kwenye foleni ya usajili, bado analipa kodi ya nyumba ya zamani, na akiba yake imesubirishwa kwa ajili ya stempu. Hana pesa ya kulilipa salio lote, kwa hiyo atalipa kiwango cha chini.

Kiwango cha chini cha kadi hii ni asilimia 10 ya salio. Tuseme analipa hicho tu kila mwezi na hanunui kingine. Riba ya asilimia 3.5 inaongezwa, asilimia 10 inalipwa, mwezi baada ya mwezi. Mwaka ukiisha atakuwa ametoa zaidi ya shilingi 161,000, na bado anadaiwa karibu 79,500. Riba peke yake imekula kama 54,500. Kwa bili ya 186,360 hiyo ni karibu theluthi, na deni halijaisha.

Ushauri mwingi unaozunguka kuhusu jambo hili umeandikwa Uingereza, na huko hesabu ni nyingine. Zipo kadi za huko zisizotoza riba ya manunuzi kwa miezi mingi, na kifungu cha 75 cha sheria yao ya mikopo ya mwaka 1974 kinaibebesha kampuni ya kadi dhamana pamoja na mtoa huduma kwa bidhaa au huduma ya kati ya pauni 100 na 30,000. Mtu wa Syokimau akiusoma ushauri huo na kuutekeleza kwa kadi ya asilimia 3.5 kwa mwezi, amevaa koti la baridi kwenye joto la Lodwar.

Theluthi ya mshahara

Gharama ya riba, hata hivyo, haikuwa tatizo kubwa kuliko yote. Tatizo lilikuwa kwenye hati ya mshahara.

Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 hakiruhusu makato ya mfanyakazi kuzidi theluthi mbili za mshahara. Kwa tafsiri kali kinahusu kile anachokata mwajiri, ila benki za Kenya zimekifanya kipimo cha kila mkopo: baada ya kodi, makato na madeni yote, mkopaji abaki na theluthi moja. Kwa mhasibu wetu theluthi ni 40,000. Mkononi 85,000, toa marejesho ya nyumba 40,270, zinabaki 44,730. Amevuka mstari kwa shilingi 4,730. Hiyo ndiyo nafasi yote aliyonayo ya deni lingine lolote.

Tia sasa 186,360 kwenye kadi. Kiwango cha chini cha mwezi wa kwanza ni 18,636. Benki ikiliona hilo, mkopo wa milioni 4.32 haupiti. Na italiona, kwa sababu watoaji mikopo hupeleka taarifa za wateja kwa kampuni za kumbukumbu za mikopo, zile tunazoziita CRB, nzuri na mbaya pamoja. Benki huangalia CRB mtu anapoomba mkopo, na huweza kuangalia tena kabla ya kutoa pesa, ambapo miezi kadhaa imepita. Barua ya ofa nayo kwa kawaida huwa na sharti kwamba hali ya kifedha ya mkopaji isibadilike kwa namna ya kutia shaka. Mnunuzi wa nyumba anayelipa mawakili kwa kadi kati ya ofa na utoaji pesa anabadilisha hali hiyo yeye mwenyewe, katikati ya safari, huku arubuni ya 480,000 ikiwa tayari mikononi mwa upande wa pili.

Hata kadi isiyo na deni inaweza kuleta shida. Zipo benki zinazohesabu kikomo chote kana kwamba kimeshatumika. Benki ya kisa hiki ilihesabu salio, na tulilijua hilo kwa kuuliza afisa wa mikopo kwa maandishi. Kama ingekuwa inahesabu kikomo, dawa ingekuwa kukishusha kabla ya kuomba. Kufungua kadi mpya wakati maombi ya nyumba yako mezani ni kujitafutia maswali.

Kuna aliyeuliza kwa nini wakili asipunguze bei. Hapunguzi kwa sababu kifungu cha 36 cha Sheria ya Mawakili kinamkataza kutoza chini ya kiwango kilichowekwa. Anayejitolea kuandaa uhamisho wa nyumba ya milioni 4.8 kwa elfu 30 anaanza kazi yako kwa kuvunja sheria, na mimi nisingempa hati yangu. Kugawa malipo kwa awamu ni jambo jingine kabisa, hilo linaruhusiwa na mawakili wengi hulifanya wakiombwa.

Sacco ilipita kwa pumzi moja

Mbadala wa kwanza ulikuwa Sacco ya walimu na wafanyakazi wa shule ambako mhasibu ni mwanachama. Riba ni asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, chini ya theluthi moja ya ile ya kadi. Kwa 186,360 na miezi 24, marejesho ni 8,773. Hayapiti kipimo cha theluthi. Kwa miezi 48 ni 4,908, yanazidi nafasi yake kwa chini ya shilingi mia mbili. Kwa miezi 60 yanashuka hadi 4,145 na yanapita, huku riba ya miaka mitano ikiwa kama 62,000.

Kwenye karatasi lilikuwa jibu halali. Niliona si jibu zuri. Lingemwacha na nafasi ya shilingi 585 kwa mwezi katika kipimo cha benki, na wadhamini watatu wa kuwapigia magoti, kwa ajili ya pesa ambazo, kama itakavyoonekana, hakuwa anazihitaji zote kwa wakati mmoja.

Panga bili kwa tarehe

Yeye na mume walikuwa wameandika gharama kwa ukubwa. Tulipoziandika upya kwa mpangilio wa siku zinazodaiwa, sura ya tatizo ilibadilika.

Wawili hao huweka akiba 55,000 kwa mwezi, yeye 30,000 na mume 25,000, jambo ambalo kwenye hesabu yao ya kwanza halikuwapo popote. Walichukulia kwamba kila kitu kinalipwa leo. Pia zamu ya mume kwenye chama, 50,000, ilikuwa inaangukia mwezi wa pili.

Mwanzoni wanatoa arubuni 480,000, mthamini 20,000, upekuzi na idhini 15,000, na nusu ya ada ya wakili wao, 55,680. Mkononi zinabaki 129,320. Mwezi wa kwanza unaingiza 55,000. Ofa ikisainiwa, benki inachukua 43,200 zake na wakili wa benki 75,000. Zinabaki 66,120. Mwezi wa pili unaleta 55,000 na zamu ya chama, jumla 171,120. Sasa stempu zote mbili zinadai 196,320.

Wamepungukiwa 25,200. Mwezi wa tatu ukiingia, pengo hilo linazibika, bima inalipwa, na zinabaki 7,800, huku nusu ya pili ya wakili wao, 55,680, ikiwa bado haijalipwa.

Kwa hiyo swali lililokuja kama deni la 186,360 lilikuwa, ukilifungua, mapengo mawili: 25,200 kwa mwezi mmoja, na 55,680 mwishoni. Pengo la kwanza ni la muda mtupu, kwani pesa zinakuja, zimechelewa tu. Na mahali pa bei rahisi pa kununulia muda katika biashara ya nyumba ni mkataba wa mauzo, kabla haujatiwa saini. Baada ya saini, kila siku ya kuchelewa ni hatari ya kupewa ilani na muuzaji, na mikataba mingi humruhusu hatimaye kuishika ile asilimia 10.

Tulipendekeza siku 120 badala ya 90. Wakili alisema tu, "Madam, hilo nitaliuliza leo, si kitu kigeni." Muuzaji naye alikuwa anatafuta pa kuhamia, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kudhani angekataa. Kwa siku 120, stempu inalipwa mwisho wa mwezi wa tatu, usajili unafanyika mwezi wa nne, na mwezi huo wa nne unaleta 55,000 nyingine. Ukiongeza zile 7,800 unapata 62,800, zinazotosha nusu ya pili ya wakili na kubakiza 7,120. Kadi haijaguswa.

Muuzaji angeng'ang'ania siku 90, mpango wa pili ulikuwa kumwomba wakili wa benki naye apokee nusu wakati wa ofa na nusu wakati wa usajili. Hizo 37,500 zilizosogezwa zingetosha kulipa stempu mwisho wa mwezi wa pili na kubakiza 12,300. Hapo ndipo kadi ingepata kazi: 55,680 za mwisho za wakili wao, kwa mashine, benki ikiwa imeshatoa pesa na funguo zimekabidhiwa. Wakati huo kipimo cha theluthi kimeshapita kwa haki, hakuna aliyefichwa kitu, na pesa za kulipia zinaonekana zinakotoka. Kodi ya 28,000 inakoma. Dipoziti ya nyumba ya zamani, nayo 28,000, inarudi. Jumla 56,000 dhidi ya deni la 55,680, ndani ya siku 50, ilmradi malipo yafanyike mara tu baada ya tarehe ya taarifa.

Kwenye karatasi inakaa vizuri mno, na hapo nilisita. Kila aliyepanga Nairobi anaijua dipoziti inavyorudi: inakatwa rangi, inakatwa bomba, inacheleweshwa hadi mpangaji mwingine apatikane. Na marejesho ya kwanza ya mkopo wa nyumba huanza kudaiwa mwezi huohuo. Ikirudi nusu tu ya dipoziti, karibu 14,000 zitabaki kwenye kadi, na riba huenda ikahesabiwa kwa 55,680 zote tangu siku ya malipo. Mara mbili ya asilimia 3.5 ni kama 3,900. Kwa kuepuka kupoteza nyumba, hiyo ni bei ninayoweza kuikubali. Kwa kuepuka kumwomba muuzaji siku 30 zaidi, siikubali.

Biashara ikivunjika

Jambo la mwisho tulilopima lilikuwa kuvunjika kwa mauzo, maana huvunjika: upekuzi unaonyesha zuio, ndugu wa muuzaji anaibuka mahakamani, mthamini wa benki anaishusha thamani. Arubuni iliyoshikwa na wakili wa muuzaji kwa niaba ya pande zote inaweza kurudi, kutegemea kosa ni la nani. Ada ya wakili kwa kazi aliyokwisha kufanya hairudi. Kama ada hiyo ilikuwa kwenye kadi, mnunuzi anabaki kulipa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa nyumba ambayo hataiona tena, na kuipinga kwa mtoaji wa kadi hakutamsaidia, kwa sababu huduma ilitolewa. Ndiyo maana nusu ya kwanza ya wakili, inayolipwa wakati hatari ya kuvunjika ni kubwa, ilipaswa kutoka kwenye akiba kwa hali yoyote.

Mkataba uliandaliwa kwa siku 120. Katika hesabu yote tundu moja halijazibwa. Ushuru wa stempu haufuati bei ya mkataba bali thamani atakayoitoa mthamini wa serikali ikiwa iko juu. Akisema nyumba ina thamani ya 5,200,000, ushuru unapanda kutoka 192,000 hadi 208,000. Hizo 16,000 zinameza zile 7,120 za mwisho na kuacha upungufu wa 8,880 mwezi wa nne, siku ya kumalizana na wakili. Kwa kiasi hicho, na kwa mshahara unaofuata kukilipa chote, kadi ipitishwe kwenye mashine.